Kampuni imetufutia seva yetu ya Minecraft pamoja na bakapu (nakala za akiba) zote, halafu wanasema mfumo ulifanya kazi kama ulivyopangwa!

Wakuu, nimevumilia nikisubiri jibu la maana kutoka kwa hawa watu, sijalipata, sasa nalileta hapa. Jina la kampuni siliweki ili uzi usifutwe. Wanaokodi seva za gemu kwao watawatambua kwa maelezo.

Sisi ni kundi la vijana wa Dodoma, wengi wapo UDOM, wengine Kisasa na Area D. Kila mwezi tunachangishana kwa simu, tunalipia seva, yaani kompyuta ya kukodi inayoendesha Minecraft, gemu la kujenga kwa tofali. Humo ndani tulikuwa tunaijenga Dodoma yetu: Nyerere Square na sanamu ya Mwalimu, stesheni ya reli, mlima Mlimwa, mashamba ya zabibu ya Hombolo mstari kwa mstari. Kuna dogo wa sekondari alikuwa anakwenda soko la Majengo anapima kuta kwa hatua, anaandika kwenye daftari la hesabu, ndipo anarudi kupanga tofali. Kazi ya dogo huyo haipo tena.

Ukafika msimu wa UE, mitihani ya chuo. Watu wakashika vitabu, wiki mbili hakuna aliyeingia kucheza. Kumbe paneli ya kampuni (ukurasa wa kusimamia seva) ina mfumo unaojiendesha wa kusafisha "seva zisizotumika", na kwake seva isiyotumika ni ile isiyo na mchezaji. Kama mteja amelipa au hajalipa, hauangalii. Ukaifuta. Ikaenda seva, ikaenda diski, na bakapu zikaenda humohumo kwa sababu zilikuwa zimewekwa chini ya seva ileile. Barua pepe tuliyopata ni moja tu, saa nane usiku, kazi ikiwa imeshaisha: "Instansi mc-07 imefutwa kikamilifu." Hiyo mc-07 ndiyo seva yetu. Onyo la kabla halikuwepo. Mwezi wenyewe ulikuwa umelipiwa, risiti ninayo!

Huyu ni mwenye nyumba anayetupa vyombo vya mpangaji aliyelipa kodi, eti kwa sababu mpangaji alisafiri.

Nikafungua tiketi ya malalamiko kwao. Jibu: "Mfumo ulifanya kazi kama ulivyopangwa." Basi aliyeupanga haelewi seva ya gemu ni kitu gani. Seva ya gemu imebeba kwenye memori sehemu za dunia zinazochezwa, na yale watu waliyojenga dakika chache zilizopita huenda bado hayajaandikwa kwenye diski. Ndiyo maana hata kuizima tu kuna utaratibu: unatuma "save-all", unatuma "stop", unasubiri programu imalize na kutoka yenyewe. Mifumo mingi inayojiendesha haina subira hiyo. Amri ya kawaida ya kusimamisha kontena la Docker (kifurushi ambamo programu huendeshwa) hutoa sekunde 10, zikipita linauawa kwa nguvu. Kubernetes, mfumo wa kusimamia makontena mengi, usipobadilisha mpangilio, hutoa sekunde 30. Dunia kubwa kwenye diski ya polepole inaweza isitoshewe na muda huo. Na Minecraft inahifadhi ardhi kwenye faili za .mca, kila moja ina chanki (vipande vya ardhi) 32 kwa 32, yaani eneo la tofali 512 kwa 512. Ikiharibika faili moja tu, Nyerere Square na mitaa inayoizunguka inaweza kwenda na maji. Hapo nazungumzia kuzima. Hawa walifuta kabisa.

Msiniambie haiwezekani kufanya vizuri, maana wengine wanafanya. Agones, mfumo huria wa kuendesha seva za gemu juu ya Kubernetes, ukipunguza idadi ya seva hauzigusi zile zilizokwisha kupewa wachezaji, hata kama amri ya kupunguza imetoka. Amazon EC2, huduma ya kukodi mashine mtandaoni, ina kinga unayoweza kuiwasha, na ikiwa imewashwa amri ya kufuta mashine inakataliwa mpaka uizime kwanza kwa mkono. Hapohapo EC2, nakala za diski ulizopiga hubaki hata mashine ikifutwa. Kukosa hilo la mwisho ndiko kulikotuua sisi. Bakapu inayokufa pamoja na kitu inachokilinda si bakapu!

Kitu kingine, ile orodha kwenye paneli: mc-05, mc-06, mc-07, mc-08. Jina la mteja halipo, ukubwa wa dunia haupo, tarehe ya bakapu ya mwisho haipo. Hata mfanyakazi wao angekaa pale kuhakiki kabla ya kufuta, angejuaje hii ni ya nani?

Tunachodai kinajulikana, na nimewaandikia. Seva iliyolipiwa isifutwe na mashine. Isiyolipiwa izimwe kwanza, mteja aandikiwe, data ikae pembeni angalau mwezi mmoja ndipo iondolewe. Bakapu ziwekwe kwenye mashine nyingine. Na pesa yetu irudi.

Wenye seva kwao, leo hii ingieni kwa SFTP (njia ya kuhamisha faili) mshushe folda yote ya dunia, pamoja na level.dat na playerdata, mweke kwenye kompyuta zenu wenyewe. Msitegemee kile kitufe cha bakapu kwenye paneli.

Na kama kuna mtu humu anafanya kazi pale au anamjua fundi wao, naomba amfikishie hili haraka: nafasi ya mc-07 asipewe mteja mwingine kwanza. Diski isipoandikwa juu, huenda baadhi ya faili zikapatikana, na tuko tayari kumlipa mtaalamu wa kuzitafuta. PM yangu iko wazi muda wote.