Kifafa na hewa chafu ya mjini: utajuaje kama ni moshi?

Mlezi_K: Naomba msaada kwa wanaojua. Mgonjwa wa kifafa anayeishi kando ya barabara ya malori, moshi unaweza kumwongezea mashambulio? Utatofautishaje na sababu nyingine? Siku mbaya PM2.5 (chembe ndogo sana za moshi na vumbi hewani) hufika maikrogramu 60 kwa mita ya ujazo. Je, barakoa ya kitambaa inafaa?

Neva: Ndugu, moshi unaweza, ila usianzie hapo. Hakikisha kwanza hajaruka dozi, analala vya kutosha, hana homa na hanywi pombe. Hivyo ndivyo vichochezi vikubwa.

Baada ya hapo, 60 si ndogo: mwongozo wa WHO (Shirika la Afya Duniani) wa 2021 ni 15 kwa wastani wa saa 24. Chembe hizo hufika ndani kabisa ya mapafu na kuamsha uvimbe (mwili unavyojibu uchokozi, si jipu wala saratani). Kemikali za uvimbe huingia kwenye damu na huweza kudhoofisha kizuizi kinacholinda ubongo. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, yenyewe hushika nafasi ya oksijeni kwenye damu. Utafiti wa Australia wa 2022, uliotumia vifaa vilivyopandikizwa kichwani pamoja na shajara za simu, uliihusisha gesi hiyo na mashambulio. Ni uhusiano wa kitakwimu, hauthibitishi kwamba shambulio fulani la mgonjwa wako limeletwa na moshi.

Shajara: Kutofautisha kunawezekana, kwa subira. Andika kila shambulio: tarehe, saa, lilivyokuwa, lilidumu muda gani. Ongeza saa za usingizi, dozi, homa, na hedhi kwa mwanamke. Kisha chukua kipimo cha hewa cha siku hiyo na cha siku mbili zilizotangulia, ulinganishe na siku zilezile za wiki ndani ya mwezi huohuo ambazo hakuanguka. Kama alianguka Jumanne, linganisha na Jumanne nyingine. Wengi hukosea kwa kuandika siku za shambulio tu. Siku tulivu zikikosekana huna cha kulinganisha. Matukio matatu manne hayatoshi. Na dozi isipunguzwe wala kuongezwa kwa kufuata shajara, mpelekee daktari.

Pumzi: Barakoa ya kitambaa haifai kwa chembe hizo. Barakoa maalumu ya N95 huchuja angalau asilimia 95 ya chembe, mradi ibane uso, ndevu huvujisha. Lakini haizuii gesi yoyote, kaboni monoksaidi ikiwemo. Kwa gesi hiyo dawa ni kuondoa chanzo: jiko la mkaa au jenereta visiwashwe ndani hata dirisha likiwa wazi. Madirisha ya upande wa barabara yafungwe saa za msongamano, yafunguliwe magari yakipungua. Ukinunua kisafisha hewa, chagua chenye kichujio cha HEPA (kinachonasa chembe ndogo sana) kinachotosha ukubwa wa chumba anacholala; epuka vinavyozalisha ozoni, gesi inayowasha mapafu.

Akianguka akiwa na barakoa, ivue mara moja, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni. Shambulio likipita dakika 5, ita gari la wagonjwa.

Neva: Nyongeza kwa mwenye pumu pia, kwani moshi humpeleka hospitali mara nyingi: amwambie daktari kwamba ana kifafa. Theofilini, dawa ya pumu, huweza kuchochea mashambulio. Akipewa antibiotiki ya erithromaisini kwa ajili ya kifua huku anatumia dawa ya kifafa ya kabamazepini, kiwango cha kabamazepini kwenye damu hupanda. Ataona vitu viwiliviwili, ataanza kuyumba, na watu watadhani ni kifafa kimezidi.

Mlezi_K: Asanteni sana. Jenereta ipo chini ya dirisha la chumba chake. Inahamishwa leo.