Kemia ya kompyuta: kuna mtu wa Mwanza anayeifanya?

BintiIgogo
Shikamooni wakubwa. Nimemaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), niko nyumbani Igogo nasubiri matokeo. Mwalimu wetu alisema kuna wanakemia ambao kazi yao yote iko kwenye kompyuta, hawashiki chupa wala asidi. Huko mtu anafikaje? Hesabu niliyosoma ni BAM tu, ile ya msingi, itanifikisha?

Mwanakirumba
Marahaba mdogo wangu. Ndiyo kazi yangu. Nimekulia Kirumba, mama akiuza dagaa sokoni Mwaloni. Chuoni nilisoma kemia ya kawaida, na mwaka wa tatu utafiti wangu ulikwama: kemikali tulizoagiza hazikufika mpaka muhula ukaisha. Mhadhiri mmoja akanionyesha Quantum ESPRESSO, programu isiyo na malipo ya kukokotoa tabia za atomu na elektroni, akasema nianze na molekuli ya maji. Nikapata pembe kati ya atomu zake mbili za haidrojeni, inayokaribia nyuzi 104.5, ileile ya kitabuni, na sikuwa nimegusa maji hata tone. Usiku ule sikulala kwa furaha.

Sasa nashughulikia sumu ya ziwa letu. Maji yakigeuka kijani huko ghubani ni sianobakteria, bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea, na baadhi yao hutoa maikrosistini, sumu ya ini. Kuchemsha hakuiondoi, ndiyo maana nimeing'ang'ania. Aina iitwayo LR ina atomu 145 na elektroni 534. Ukiufuata mlinganyo wa Schrödinger wa 1926, unaoeleza tabia za elektroni, kama ulivyo, kila elektroni inadai namba tatu za mahali ilipo, jumla 1,602 zinazotegemeana. Hakuna kompyuta itakayoumaliza. Mwaka 1964 wanafizikia Hohenberg na Kohn walithibitisha kwamba unaweza kuanzia kwenye msongamano wa elektroni, yaani zilivyosongamana kila mahali, unaohitaji namba tatu tu, na 1965 Kohn na Sham wakatoa njia ya kuukokotoa. Kohn alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia 1998, pamoja na John Pople. Kwa njia hiyo naangalia sumu inavyonata kwenye mkaa wa kuchujia maji, kisha wenzangu wa maabara wanapima. Jibu la kompyuta ambalo halijapimwa siliamini.

BAM ni mwanzo, haitoshi. Ongeza kalkulasi, matriki na Python, lugha ya kuandikia programu.

JamaaWaNyegezi
Na umeme wetu huu je? Ajira?

Mwanakirumba
Kaka, umeme umewahi kunitoa machozi. Hesabu ya siku nne ilikatika siku ya nne usiku. Tangu hapo kila hesabu naiamuru ihifadhi ilipofikia. Zile nzito nazituma kwa intaneti kwenye kompyuta kubwa za CHPC, kituo cha taifa cha Afrika Kusini kilichoko Cape Town. Ajira nyingi ni za vyuoni na kwenye utafiti, simfichi mdogo wetu.

BintiIgogo
Asante sana kaka. Mama anauliza kama huwa unatoka nje, anaogopa nitaozea mbele ya kioo.

Mwanakirumba
Mwambie mama nashona nyavu, mjomba ndiye aliyenifundisha. Nikiwa likizo, kipindi cha giza naingia naye ziwani kuvua dagaa. Taa zikishawashwa tunakaa kimya, dagaa wanapanda juu taratibu, na hapo sifikirii elektroni hata moja. Mbalamwezi ikirudi mitumbwi inapumzika, nami narudi kwenye hesabu.

Wiki hii ni giza. Jumamosi saa mbili asubuhi tutakuwa Mwaloni. Njoo na mama, nitabeba kompyuta, tuanze na molekuli ya haidrojeni.