Tupeane uzoefu: siku matokeo yaliposomwa mstarini

Mwalimu wa Zamu, Iringa

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Nafundisha Jiografia katika shule ya sekondari ya bweni, na wiki hii tumemaliza kusahihisha moku, yaani mtihani wa majaribio, ya kidato cha nne. Katika kikao cha walimu, mwenzetu wa taaluma amependekeza matokeo yasomwe kwenye paredi ya Jumatatu, kwa majina, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kama yalivyosomwa enzi zetu. Tuliopinga tulikuwa watatu, nasi tukaambiwa kwamba tunawalea wanafunzi kimayai. Kabla kikao hakijarudi Ijumaa, naomba kila aliyewahi kusimama mstarini akisubiri jina lake asimulie yaliyomkuta.

Nianze na yangu. Nilisoma mkoani Tabora, katika shule ambayo kengele yake ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe. Siku ya matokeo ya kidato cha tatu tulipangwa kama kawaida, tukaimba wimbo wa Taifa, tukakaguliwa kucha na nywele, kisha karatasi ikafunguliwa. Tulikuwa wanafunzi 112. Kumi wa kwanza walipigiwa makofi, na baada ya hapo paredi nzima ilinyamaza, ikabaki sauti ya mwalimu tu. Mimi nilikuwa wa 87. Muda wote huo wa kusubiri niliutumia kusoma namba iliyoandikwa kwa kalamu ya wino kwenye kola ya aliyesimama mbele yangu, ile namba ya kufulia. Ilikuwa 214. Naikumbuka mpaka leo, ilhali maswali ya Hisabati yaliyoniangusha siyakumbuki hata moja.

Kiranja Mstaafu, Songea

Marahaba, Mwalimu. Naomba usiwasikilize walioumia peke yao, kwa sababu wapo tuliosaidika.

Niliingia kidato cha kwanza nikitoka shule ya msingi ya kijijini, ambako kila somo isipokuwa Kiingereza lilifundishwa kwa Kiswahili. Mtihani wa kwanza wa Biolojia uliuliza kazi za ini na za figo, mambo niliyoyajua vizuri kabisa, lakini uliuliza kwa Kiingereza, nami sikujua kwamba naulizwa ninachokijua. Nilisomwa wa 60 kati ya 74. Usiku ule nilianza kupiga msuli kwa namna ambayo leo nisingemshauri mwanangu: baada ya prepo, yaani kipindi cha kujisomea usiku, nilikuwa natumbukiza miguu kwenye beseni la maji baridi ili usingizi usinichukue, na taa za bweni zikizimwa nasoma kwa tochi ndani ya blanketi. Mwaka uliofuata nilisomwa wa 9. Nilitembea kutoka mstari wa nyuma hadi mbele ya bendera kupokea kaunta buku moja, na shule nzima ikipiga makofi, wakiwemo waliokuwa wakiniita mshamba. Kama matokeo yangewekwa kwenye bahasha, safari ile nisingeitembea.

Jambo moja nalikiri, hata kama linaharibu hoja yangu. Nilipopata ukiranja mkuu, mwalimu wa taaluma alinipa kazi ya kumshikia karatasi wakati anasoma, kwa hiyo nilikuwa natazama nyuso. Wale kumi wa mwisho hawakuwa na sura ya watu wanaokwenda kusoma kwa bidii usiku ule.

Binti wa Shule ya Kata, Lindi

Mimi nilisoma shule ya kutwa, mojawapo ya zile za kata zilizojengwa kwa wingi kuanzia mwaka 2004, na kwangu kuna mwendo wa karibu saa moja na nusu kwa miguu. Wachelewaji tulipigishwa magoti pembeni ya paredi, kwa hiyo matokeo yangu ya kidato cha pili niliyasikia nikiwa nimepiga magoti, na nilipotajwa watu waligeuka kunitafuta mstarini wakanikuta kule chini.

Ila lililoniuma zaidi si hilo. Mimi ni wa mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012. Wenye umri wangu wanajua: Februari 2013 matokeo yalitoka, na zaidi ya nusu ya watahiniwa wa nchi nzima tulikuwa tumepata sifuri. Shuleni kwetu mwalimu wa Fizikia hatukuwa naye kwa miaka miwili, lakini karatasi iliyobandikwa ukutani haikuandika hilo, iliandika divisheni tu. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, aliunda tume, na mwezi Mei Serikali ikatangaza kufuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya. Mimi nikatoka kwenye sifuri nikaingia divisheni ya nne. Matokeo ya kwanza kijiji kizima kilikuwa kimeyasoma, wengine wakija na wajukuu wao ili wasomewe. Yale ya pili sikumwona aliyekuja kuyabandika. Mpaka mwaka juzi kuna shangazi aliyekuwa bado ananitambulisha kama yule aliyepata ziro.

Mtoro wa Gwaride, Kilifi

Salamu kutoka Pwani ya Kenya. Nilikuwa mtahiniwa wa KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, mwaka 2016. Katika moku nilipata B, nikaitwa mbele ya gwaride, mwalimu mkuu akanishika mkono. Ukweli ni kwamba karatasi za moku ile tulikuwa tumeziona bwenini siku moja kabla, na waliopiga makofi kwa nguvu kuliko wote ni wale waliokuwa wameziona pamoja nami.

Mwaka huo wizara iliziba mianya ya udanganyifu. Tulizoea matokeo kutoka Februari au Machi. Safari hii yalitangazwa tarehe 29 Desemba, tukiwa bado tunakula nyama za sikukuu, na watahiniwa 141 tu ndio waliopata A katika nchi nzima. Mimi nilipata C-, wakati chuo kikuu kilihitaji C+. Kwa hiyo nauliza tu: mnaposoma majina Jumatatu, mna uhakika mnachokisoma ni nini?

Mama wa Watatu, Dodoma

Mnajadili paredi, kumbe paredi imehama. Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza kwamba halitataja tena shule kumi bora wala wanafunzi bora, nikadhani na shule zetu zitaelewa. Shule anakosoma mwanangu wa pili hutuma orodha nzima kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, majina na nafasi, na nusu ya wazazi humo ni majirani zangu. Mtoto alikuwa wa 51. Nilikuwa dukani nanunua sukari, na muuza duka alijua kabla yangu.

Mwalimu wa Zamu, Iringa

Nawashukuru nyote. Simulizi ya binti wa Lindi niliisoma kikaoni neno kwa neno, na ya Kiranja pia, kwa sababu haki ni haki. Mkuu wa shule aliamua kwamba kumi wa kwanza watasomwa, na wengine kila mmoja atapewa kipande cha karatasi chenye alama zake bila nafasi.

Leo paredi imechukua dakika ishirini. Jioni, wakati wa prepo, binti mmoja wa kidato cha nne amekuja ofisini, kipande chake kikiwa kimekunjwa mara nne, akaniomba nimwambie amekuwa wa ngapi. Nilimwuliza anataka kujua ili iweje. Akasema mama yake atapiga simu kwa matroni Jumamosi, na hilo ndilo swali la kwanza atakalouliza.

Nimefungua daftari nikamwonyesha mstari wake, iliyobaki nikiwa nimeifunika kwa rula.