Mafunzo ya kulinda maisha nje ya kazi kwa wauguzi wapya: siku moja, vipindi vifupi au muuguzi mlezi?

Mratibu_Mafunzo: Wakuu, wiki ijayo napeleka pendekezo la mafunzo kwa wauguzi walioajiriwa karibuni. Nimebaki na njia tatu: siku nzima katika wiki ya kupokelewa, vipindi sita vya dakika 45, au kila mmoja apewe muuguzi mlezi, yaani mzoefu wa kumwongoza. Ipi inafaa?

Matroni: Hujasema wako wangapi, zamu ni za saa 8 au 12, wala usiku wanaanza lini. Tutakushauri kwa kubahatisha?

Mkufunzi_K: Vipindi vifupi. Wiki ya kwanza mtu anahangaika na fomu na stoo ya dawa, somo la usingizi halimkai. Cha kwanza kitangulie zamu ya kwanza ya usiku: kulala chumba chenye giza, kahawa ikome saa 6 kabla ya kulala, na usingizi wa mapumziko usizidi dakika 30, maana akiamshwa kwenye usingizi mzito anarudi kwa mgonjwa akili haijakaa sawa. Cha pili makabidhiano ya wagonjwa mwisho wa zamu. Wengi huchelewa kutoka kwa kujaza chati zote mwishoni; wazoezwe kuandika mara baada ya huduma.

Mpanga_Ratiba: Vipindi vinakufa kwenye muda. Weka saa 8 mchana: wa asubuhi hawawezi kuacha wagonjwa, wa usiku wamelala, wanaobaki ni walio mapumzikoni. Mafunzo ya kulinda mapumziko yanakula mapumziko! Kisha mahudhurio yanashuka, msimamizi analazimisha, watu wanasaini na kuondoka. Kihesabiwe ndani ya saa za kazi, kirudiwe mara mbili, na wodi ipate wa kushika nafasi.

Mkesha: Rekebisheni ratiba kwanza. Pendekezo namba 157 la Shirika la Kazi Duniani, la 1977, kuhusu wauguzi, linataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya zamu.

Matroni: Ratiba ni ya uongozi, mkufunzi haigusi.

Mratibu_Mafunzo: Samahani, wako 34, zamu za saa 12, usiku wanaanza wiki ya tatu. Mlezi je?

Mkesha: Kwa zamu hizo, mtu akirudi kesho yake, makabidhiano ya nusu saa tu yameshavunja hizo saa 12.

Mkufunzi_K: Mlezi anafaa akipunguziwa wagonjwa. Na asiwe ndiye anayetathmini kazi ya mgeni, la sivyo mgeni atamficha uchovu.

Mpanga_Ratiba: Kubadilishana zamu wao kwa wao mmeruhusu?

Matroni: Iruhusiwe kwa maandishi, msimamizi aone kabla. Wasije wakaunganisha mchana na usiku.