Karatasi ya CogAT ya darasa la pili (Ohio): V iko chini, Q na N ziko juu. Tufanyeje?

BabaRehema

Habari zenu wakubwa. Binti yangu yuko darasa la pili hapa Columbus, na bado yumo kwenye huduma ya kujifunza Kiingereza. Nyumbani ni Kiswahili tupu. Shule imetuma karatasi ya mtihani wa uwezo wa kufikiri unaoitwa CogAT pamoja na barua kwamba hakufikia kiwango cha kuingizwa kwenye orodha ya watoto wenye vipawa. Namba zenyewe ni hizi:

V: 98 (45)
Q: 126 (95)
N: 128 (96)
VQN: 119 (88)
Pembeni kabisa kuna 8E (V–)

Hiyo 45 ndiyo kusema alipata 45 kwa mia? Pili, tarehe yake ya kuzaliwa imeandikwa 01/01/2018 kama ilivyo kwenye makaratasi ya ukimbizi, lakini alizaliwa Oktoba, mvua zinapoanza Kigoma. Je, hilo lina uzito wowote? Tatu, tunaweza kuomba apimwe tena, na nani analipa?

---

fundi_wa_alama

Ndugu BabaRehema, nianze na 45, maana hapo ndipo wazazi wengi waliosoma kwetu huteleza. Si alama za mtihani. Maana yake ni kwamba ukiwapanga watoto mia wa umri wake nchini Marekani, yeye amewafikia au kuwapita 45. Kwa hiyo 45 ni katikati tu, wala si kufeli. Na 96 ya N ina maana wanaomzidi ni wanne hivi katika mia.

Namba ya kwanza (98, 126, 128) ni alama iliyosawazishwa kwa umri. Katikati yake ni 100, na kila hatua kubwa ya kutawanyika ni 16. V ni maneno, Q ni hesabu na mahusiano ya namba, N ni maumbo. VQN ni zote tatu zikichanganywa, na hiyo ndiyo iliyomwangusha binti yako.

Sasa tazama 8E (V–), kitu ambacho barua za shule huwa hazikielezi. 8 ni ngazi yake ya kati kwenye ngazi 1 mpaka 9. E ina maana tofauti kati ya sehemu ni kubwa kupita kiasi, yaani pointi 24 au zaidi. V– inasema sehemu iliyozama ni ya maneno. Karatasi yenyewe inakuonya kwamba VQN ya mtoto huyu isitumike kumwelezea. Ukichanganya maji ya moto na ya barafu utapata vuguvugu, na hakuna aliyekuletea vuguvugu.

Waliotengeneza mtihani waliliona hili. Kuna alama ya QN, inayochanganya hesabu na maumbo na kuacha maneno. Haikuchapishwa kwenye karatasi yako, lakini hutolewa na programu ileile ya matokeo bila mtoto kurudia swali hata moja. Iombe. Pia uliza kama kipengele cha kukamilisha sentensi kilihesabiwa. Kwa madarasa ya chini, sehemu ya V ina vipengele vitatu: viwili ni vya picha tupu, na cha tatu mwalimu husoma sentensi kwa sauti, kwa Kiingereza au Kihispania, mtoto achague picha. Kwa anayejifunza Kiingereza, hicho cha tatu kinaruhusiwa kuachwa na V ikatolewa kwa viwili vilivyobaki. Kwa Kiswahili hakipo.

Suala la tarehe ni zito kuliko unavyodhani. Alama zote ulizonakili zinamlinganisha na watoto wa umri wake kwa miezi. Kompyuta ikiambiwa amezaliwa Januari, inamweka na watoto waliomzidi miezi tisa, na kwa mtoto wa miaka saba hiyo ni mingi. Halafu 1 Januari ni siku ya kwanza ya mwaka, kwa hiyo kama mwaka wenyewe ni sahihi, kosa hili siku zote humfanya mtoto aonekane mkubwa. Halimbebi hata siku moja.

Ila usikimbilie kubadilisha tarehe shuleni. Hiyo tarehe imo kwenye makaratasi yenu ya uhamiaji, na ukiigusa sehemu moja tu unazua mgongano. Hilo ni la wakili wa uhamiaji. Shuleni omba nafasi yake kwa darasa, yaani akilinganishwa na wanafunzi wa darasa la pili bila kujali miezi. Namba hiyo haiguswi na tarehe ya kuzaliwa.

---

Mkalimani614

Naongezea upande wa lugha, maana mikutano hii huharibikia hapo.

Ukipiga simu shuleni, waambie unataka mkalimani wa Kiswahili na utaje ni Kiswahili cha wapi. Wa Bukavu na wa Mombasa wanasikilizana, lakini si kila neno, na mara nyingine ofisi humleta mtu wa Kinyarwanda ikidhani ni yaleyale. Ukalimani ni bure. Shule inayopokea fedha za serikali kuu inabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, kifungu cha sita: mzazi asiyejua Kiingereza vizuri apewe taarifa muhimu kwa njia anayoielewa. Wasimtumie binti yako kukutafsiria matokeo yake mwenyewe. Unaruhusiwa hata kuandika barua kwa Kiswahili, kuitafsiri ni kazi yao, ingawa ukipata mtu wa kukuandikia Kiingereza itasogea haraka.

Jihadhari na maneno mawili. Wakalimani wasiozoea mambo ya shule husema "mtoto mwenye zawadi", mzazi akabaki anasubiri zawadi. Sema kipawa. La pili ni "huduma maalumu". Wazazi wengi wakilisikia hudhani mtoto anapelekwa kwenye darasa la wenye ulemavu, wanakataa kusaini. Hizo ni idara mbili tofauti, ingawa mtoto mmoja anaweza kuhudumiwa na zote mbili.

Akikwambia mtu "tusubiri kwanza amalize Kiingereza", mwombe aandike hivyo kwenye barua pepe. Kuwa kwenye huduma ya Kiingereza si sababu halali ya kumnyima mtoto upimaji. Nimeona sentensi hiyo ikifutika yenyewe mara mtu anapotakiwa kuiandika.

---

MamaDarasani

Fundi kamaliza habari ya namba. Mimi nizungumzie taratibu za Ohio, kwa sababu kila jimbo lina lake. Hakuna sheria ya nchi nzima inayolazimisha huduma kwa wenye vipawa, kwa hiyo msichukue ushauri wa jamaa wa Texas mkauleta hapa.

Ohio inazitaka wilaya zipime darasa zima mara mbili: mara moja kati ya chekechea na darasa la pili, na nyingine kati ya la tatu na la sita. Nje ya hapo, mzazi ana haki ya kuomba, na wilaya lazima iweke angalau nafasi mbili za upimaji kila mwaka. Ombi likishaingia, wana siku 90. Gharama ni yao. Ukiamua kumpeleka nje kwa mwanasaikolojia, unalipa wewe, na ni mamia ya dola. Wilaya itayapokea matokeo kama mtihani umo kwenye orodha iliyoidhinishwa na jimbo na haujapita miezi 24. Anza na njia ya bure.

Sasa njia za kuingilia. Wazazi hudhani mlango ni mmoja, kumbe Ohio ina kadhaa.

Mlango uliofungwa kwa binti yako ni wa uwezo wa juu wa akili. Unataka hatua mbili juu ya katikati, yaani 132 kwa CogAT, ukitoa kosa la kipimo (kiasi ambacho alama huweza kuyumba), hivyo kwa kawaida unaangukia chini kidogo ya 130. Hapa ndipo QN ya Fundi inapoingia. Kwa Q na N za namna hii itakuwa karibu na mstari huo. Uliza wilaya yako kama wanaipokea.

Mlango wa pili ni somo moja. Mtoto akifika nafasi ya 95 katika mia kwenye mtihani wa ufaulu wa hisabati (yaani alichojifunza darasani) ulioidhinishwa, anatambuliwa kwa hisabati peke yake, hata kama kusoma bado. Angalizo: ile 95 ya Q si hii. Q hupima kufikiri kwa namba, na mlango huu unataka ufaulu wa somo. Kama shule yenu hutumia MAP Growth, mtihani wa masomo unaofanywa kwenye kompyuta, omba matokeo ya hisabati ya vipindi vyote. Kagua pia alifanya toleo gani. Toleo la chekechea mpaka la pili humsomea maswali kwenye vipokea sauti vya masikioni, lakini la darasa la pili hadi la tano humwacha asome mwenyewe asipowekewa msaada wa kusomewa. Watoto wetu huporomoka pale wanapovuka toleo, na mwalimu akadhani hisabati imemshinda.

Mlango wa tatu karibu hakuna anayeuuliza: ubunifu wa fikra. Hapo sehemu ya akili inataka hatua moja tu juu ya katikati, yaani 116 ukitoa kosa la kipimo. Binti yako ana 119. Ameshavuka! Kilichobaki ni dodoso la tabia za ubunifu au mtihani wa ubunifu.

Barua yenyewe iwe fupi, iende kwa mwalimu mkuu na mratibu wa vipawa wa wilaya, nawe ubaki na nakala:

"Mimi ni mzazi wa (jina), darasa la pili. Naomba: 1) alama ya QN ya CogAT na nafasi yake kwa darasa, 2) matokeo yote ya MAP ya hisabati, 3) dodoso la ubunifu lijazwe, kwa kuwa VQN yake ni 119, 4) apimwe tena kwa mtihani usiotegemea maneno ulio kwenye orodha ya jimbo. Ni mwanafunzi anayejifunza Kiingereza. Nahitaji mkalimani wa Kiswahili. Tarehe ya leo: …"

Tarehe usiisahau, siku 90 zinahesabiwa kutoka hapo. Kwa matokeo yaliyomo tayari kwenye faili unalindwa pia na sheria ya kumbukumbu za wanafunzi ya 1974: shule ina siku 45 za kukuonyesha faili la mwanao.

Kwa namba 4, wilaya nyingi hutumia NNAT, mtihani wa maumbo matupu, maswali 48 kwa dakika 30. Mwanasaikolojia wa shule anaweza pia kutumia UNIT, ambao hata maelekezo hutolewa kwa ishara za mikono. Msikubali arudie CogAT ileile wiki mbili baadaye, matokeo hayataaminika.

---

BabaRehema

Mungu awabariki. Nimesoma mara tatu. Je, nimnunulie vitabu vya mazoezi? Na akikubaliwa, anapata nini hasa?

---

fundi_wa_alama

Vitabu vya nini, okoa hela. Shule huwa na kurasa za mazoezi za bure, ziombe. Kinachowaangusha watoto wageni ni kutolijua umbo la swali. Mfanye mambo mawili mezani. Chukua karatasi, ikunje mara moja, itoboe kwa kalamu, umuulize kabla ya kuifungua: matundu yatakuwa mangapi na yatakaa wapi? Kisha ikunje mara mbili. La pili, panga mahindi au maharage kwenye mistari miwili kama mabehewa ya treni, upande huu 3 na 4, ule 5 na nafasi tupu, aseme ngapi zijaze ili treni zilingane. Dakika kumi zinatosha, mwache akacheze.

Na kama ni MAP, mwambie mapema kwamba mtihani huo humfuata mtoto: akipata, swali linalofuata ni gumu zaidi, kwa hiyo atakosa karibu nusu hata awe hodari vipi. Asiyeambiwa hukata tamaa katikati na kuanza kubofya ovyo, na alama inaharibika.

---

MamaDarasani

Hapa kuna mtego wa Ohio: wilaya inalazimishwa kumtambua mtoto, hailazimishwi kumhudumia. Unaweza kupata barua nzuri ya pongezi na kusitokee kitu kingine. Swali la kuuliza ni moja: "Mpango wake wa elimu wa maandishi uko wapi?" Huo hutaja huduma gani, na nani, mara ngapi. Kama haupo, hakuna huduma.

Kwa mtoto mwenye Q kama hiyo, mimi ningeomba kitu kingine sambamba: avushwe darasa kwa hisabati peke yake, akaisome na darasa la tatu. Kila wilaya ya Ohio ina sera ya kumsogeza mtoto mbele, na hilo halihitaji awe ametambuliwa kuwa na kipawa. Kamati hukaa, mzazi ukiwemo, na uamuzi hutolewa kwa maandishi ndani ya siku 45. Kabla hujasaini angalia ratiba. Hisabati ya darasa la tatu ikigongana na saa yake ya Kiingereza, watataka achague moja. Asichague, wao ndio wahamishe saa ya Kiingereza. Na kama huduma ya vipawa iko jengo jingine, uliza basi linamchukua saa ngapi na linamrudisha kabla ya chakula cha mchana au baada.