Eti "mama, binti mwenyewe yuko wapi?" YULE WA DIRISHA LA MWISHO KANIVUA NGUO LEO!!

Wakuu naandika nikiwa bado kwenye gari nje ya geti, mikono inatetemeka, leo mtu asinisahihishe herufi. Nimekwenda kuhuisha leseni ya udereva. Kuhuisha tu, sikuomba ubunge. Na yule wa dirisha la mwisho, mnamjua wote, yule anayekuhudumia huku macho yake yako kwenye simu, kanidhalilisha mbele ya ukumbi mzima.

Nimefika jua halijatoka, nikaanzia benchi la nyuma kabisa, mnaijua ile foleni ya makalio, akiitwa mmoja wote mnasogea, sketi yangu imefuta vumbi la mabenchi manne. Mara mtandao hakuna, mara mwenye muhuri katoka, kuna mtoto aliingia mle anatambaa naapa katoka anakimbia. Yote nikavumilia. Fomu nimejaza, fotokopi ninayo, bango la macho nimelisoma mpaka mstari wa chini. Nafika dirishani, anaishika leseni yangu ya zamani kwa vidole viwili kama kaiokota jalalani, anaigongagonga na kifuniko cha kalamu, anaangalia picha, ananiangalia mimi, anarudi kwenye picha, halafu kwa ile sauti yake ya kuitia namba:

"Mama, leseni haihuishwi na mzazi. Binti mwenyewe yuko wapi?"

BINTI. MWENYEWE. YUKO. WAPI.

Binti ni mimi!! Picha ina miaka 10 lakini ni yangu, jina langu, tarehe ya kuzaliwa hiyo hapo imeandikwa, kusoma namba nako kazi? Jamaa wa nyuma yangu kacheka mpaka fomu zimemwanguka. Nikasema ni mimi, akasema haya geuka upande. Nikageuka!! Akamwita na mwenzake, "njoo uone, huyu anasema ni yeye." ANASEMA ni yeye! Tukaja kwenye vidole, mashine ikagoma mara tano, akasema unaona, hata mashine inakukataa.

Picha mpya nimetoka kama nasomewa hukumu, maana hata kutabasamu wamekataza. Lakini mimi narudi palepale, binti mwenyewe yuko wapi?? Kama sura zingekuwa hazibadiliki wangetupiga picha mpya za nini?

GiaMbovu: Pole sana mama. Binti hajambo lakini?

MpigaHoni: 😂😂😂 weka picha zote mbili hapa tuamue wenyewe

Mwenye uzi: Wewe MpigaHoni na yule wa dirishani mmezaliwa tumbo moja. Mtu nimeumia hapa, nimegeuzwa upande kama mbuzi mnadani!

TairiLaAkiba: Kwani dada kusema ukweli, mtu asiyekujua akiiona ile picha si anaweza kukosea? Nauliza tu

Mwenye uzi: ASIULIZE KWA SAUTI!!

FunditUzege: Mashine kukataa mara tano ndo unafungulia uzi? Mimi fundi ujenzi, saruji imeshakula alama za vidole zamani, wenye kazi za mikono wanajua. Niliambiwa nikaoshe mikono, nikaosha mara nne, nikarudi, akaniuliza hivi vidole umeviazima wapi. Vidole vyangu! Mbele ya mke wangu!

MzeeWaRivasi: Nyie wote hamjakutana na wa bango la macho. Lile bango alilitunga daktari wa macho Mholanzi, Herman Snellen, mwaka 1862, na unatakiwa usimame mita 6. Mimi nimesimamishwa mlangoni na foleni inapita katikati, kila nikitaka kutaja herufi kinapita kichwa cha mtu. Kaandika "haoni". Nimeona vichwa!

TairiLaAkiba: Mita 6 kwenye chumba kile utazipata wapi mzee. Chumba kikiwa kifupi huwa wanaweka kioo, unasoma bango kwenye kioo, ukiwa mita 3 inakuwa kama 6

MzeeWaRivasi: Kioo kipo. Wanachania nywele.

GiaMbovu: Haya mambo hayajaanza leo. Karl Benz mwenyewe mwaka 1888 ilibidi aombe kibali serikalini kuendesha gari alilolitengeneza yeye. Umebuni gari na bado unaambiwa lete barua

FunditUzege: Vidole je, walimchukua?

Mwenye uzi: Jamani turudi kwenye mada. Nimeitwa mzazi wangu mwenyewe! Hivi kuna mtu humu ameshawahi kuitwa mzazi wake mwenyewe??

MpigaHoni: Mimi waliniandikia jinsia KE, na ndevu hizi. Kurekebisha naambiwa nianze maombi upya. Trafiki akinisimamisha anaisoma leseni mara mbili halafu ananiita dada

MzeeWaRivasi: Trafiki bora, anakuangalia usoni. Hawa wa macho wanataka nini?

LeoNiZamuYangu: Samahani wakuu niko foleni sasa hivi, benchi la pili kutoka mbele. Fotokopi ya leseni ya zamani ni mbele tu au na nyuma?

FunditUzege: Na nyuma

LeoNiZamuYangu: Duh. Mashine ya fotokopi iko upande gani?

TairiLaAkiba: Ya ndani imekufa, mpaka utoke nje ya geti. Ila usitoke, ukitoka unarudi benchi la mwisho

LeoNiZamuYangu: Nimeshatoka