Nargisi majani tupu, kamelia inamwaga matumba, fosithia kimya. Nakosea wapi?

MpangajiWaReading
Wakuu, habari za majukumu. Nipo Reading, kusini mwa Uingereza, nyumba ya kupanga. Bustani ya nyuma ni kama mita 6 kwa 9, inatazama mashariki. Sasa ni katikati ya Machi, mtaa mzima umejaa njano, kwangu hali ni hii:

Nargisi (wengine wanaziita dafodili) zimetoa majani manene, ya kutosha kulisha mbuzi, lakini maua manne tu. Kamelia iliyo kwenye chungu ilifunga matumba tele tangu Desemba, sasa yanageuka kahawia na kudondoka kabla ya kufunguka. Fosithia, kile kichaka cha maua ya njano, niliipogoa Novemba ikae duara, na haina ua hata moja isipokuwa tawi lililojificha nyuma ya uzio.

Naomba pia kujua nipande nini ili kuanzia Januari hadi Aprili kusikosekane ua. Naomba kuwasilisha.

SepetuKali
Mkuu, fosithia umeshajijibu mwenyewe. Inachanua kwenye matawi yaliyoota majira ya joto yaliyopita, na matumba yanakuwa yameshakaa kwenye tawi kabla majani hayajapukutika. Ukiingia na mkasi Novemba unakata maua ya Machi. Lile tawi la nyuma ya uzio limepona kwa kuwa mkasi haukulifikia.

Mwaka huu usiiguse. Mwakani ikishachanua, maua yakinyauka tu, toa theluthi moja ya matawi makongwe (yale ya kijivu, magome yamepasukapasuka) karibu na ardhi kabisa, ubakize kama sm 10. Yaliyobaki fupisha juu ya chipukizi lenye nguvu. Habari za duara achana nazo, umbo la fosithia ni la kumwagika kama chemchemi. Halafu chungulia ndani kwanza: kuharibu kiota chenye ndege ni kosa hapo Uingereza, sheria ya 1981.

Na hayo mengine mawili yasome hivyo hivyo. Ua la Machi lilitengenezwa mwaka jana, kati ya Mei na Septemba. Tuambie ulifanya nini miezi hiyo.

Bi_Tumba
Kabla mtu hajakwambia "weka mbolea", chuchumaa kwenye hizo nargisi. Panua majani kwa vidole mpaka chini kabisa, uangalie kama kuna kikonyo.

Ukikuta kikonyo chenye tumba kavu la rangi ya karatasi ya kaki, ukilibonyeza ni tupu, basi ua lilitengenezwa likafa njiani. Hapo tatizo ni ukame au joto. Usipokuta kikonyo chochote, ua halikutengenezwa kabisa. Hayo ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake hazifanani. Angalia uniambie, na useme majani ya mwaka jana uliyakata lini.

MpangajiWaReading
Hakuna kikonyo dada. Mwaka jana maua yaliisha mwisho wa Machi, nikayafunga majani mafundo yasilale kwenye nyasi, nilivyoona kwenye video. Mwisho wa Aprili nikapitisha mashine ya kukata nyasi.

Kijani_Kibichi
Mafundo si mabaya mkuu, wazee wa Kizungu wanafunga miaka yote na maua yanatoka.

Bi_Tumba
Yanatoka kwa walio na bahati ya udongo mzuri, ndugu yangu. Fundo linafanya mambo mawili: linavunja jani linapokunjwa, na linaficha zaidi ya nusu ya jani lisipate jua. Jani ndilo jiko la tunguu, yaani kile kitunguu cha ua kilicho ardhini. Baada ya ua kunyauka, tunguu limebaki tupu kama galoni lililomwagwa, na majani ndiyo yanalijaza upya na kulipa nguvu ya kutengeneza ua la mwakani. Mpangaji amezima jiko, kisha wiki ya nne akalibomoa.

Sasa fanya hivi. Majani yaache angalau wiki 6 tangu ua la mwisho. Bora zaidi subiri yawe ya njano na kulala yenyewe, kwa kawaida Juni. Ua likinyauka, kata kwa kucha kile kifuko cha mbegu kilicho nyuma yake, kikonyo kiache kwani nacho ni kijani na kinafanya kazi. Mwagilia mbolea ya maji inayouzwa kwa ajili ya nyanya kila siku 10 hivi kuanzia sasa hadi hizo wiki 6 ziishe, kwa kipimo cha kwenye chupa. Kinachotakiwa ni potasiamu. Mbolea ya nyasi usiisogeze hapo, naitrojeni yake itakupa majani mengine ya mbuzi. Aprili ikiwa kavu, mwagilia maji.

Kama yamebanana kiasi kwamba kidole hakipiti kati ya shina na shina, Juni yachimbue. Bonyeza kila tunguu kwa dole gumba, hasa shingoni na kwenye kitako. Gumu, rudisha. Lililolegea, likate katikati kwa urefu: ukikuta shimo na funza mmoja mnene wa rangi ya maziwa machafu, huyo ni wa nzi wa nargisi, ukikuta duara za kahawia kama za kitunguu kilichoungua, ni minyoo midogo ya matunguu. Yote mawili ni pipa la taka, si lundo la mboji. Mazima yapande kina cha sm 15, nafasi sm 10. Yaliyopandwa juujuu hujigawa na kuwa madogo madogo yasiyotoa ua. Yale ya ukubwa wa punje ya kitunguu saumu yatakula miaka miwili mitatu kabla ya kuchanua.

Vaa glavu, utomvu unawasha. Na usiyaweke karibu na jiko. Matunguu hayo yanafanana na vitunguu, na ni sumu.

MchaiMufindi
Kamelia nakuja nayo mimi. Huyo ni ndugu wa damu wa mchai tunaouvuna Mufindi na Kericho, na tabia ni zilezile: anataka udongo mchachu, pH 5 hadi 6.5, na hataki kiu.

Okota tumba lililodondoka. Likiwa limeanguka zima, limefungana bado, ni kiu ya mwaka jana. Matumba ya kamelia yanaumbwa mwishoni mwa majira ya joto, na chungu kikikauka Julai hadi Septemba, hata mara mbili tu ukiwa likizo, yanajifunga vizuri kisha yanakufa baadaye. Unakuja kulipa deni Machi. Likiwa limeanza kufunguka na petali zimeungua upande mmoja, upande wa jua, hiyo ni jalidi, ule umande ulioganda. Bustani yako inatazama mashariki: asubuhi jua linapiga tumba lililoganda, linayeyuka ghafla na kupasuka ndani. Kwa maelezo yako nadhani una vyote viwili.

Leo hii hamishia chungu ukuta unaotazama magharibi au kaskazini. Kiinue juu ya vipande vitatu vya tofali maji yapite. Maji ya bomba ya Reading yana chokaa nyingi; yakitumika mwaka mzima udongo unapoteza uchachu na majani yanakuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Kinga maji ya mvua kwenye pipa. Ila pipa likikauka Agosti, mpe ya bomba, kiu ni mbaya kuliko chokaa ya wiki tatu. Mbolea ya mimea ya udongo mchachu, Aprili hadi mwisho wa Julai tu. Ukiendelea Agosti utaongeza kumwaga matumba.

MpishiWaPilau
Samahani nje ya mada. Majirani zangu wana krokasi za zambarau zimejaa sasa hivi, katikati zina nyuzi za chungwa. Si ndiyo zafarani hiyo? Naweza kuvuna kwa ajili ya biriani?

Bi_Tumba
Usithubutu shoga. Zafarani inatoka kwenye krokasi moja tu, Crocus sativus, na hiyo inachanua Oktoba na Novemba. Za Machi ni ndugu zake wasio na zafarani. Na hiyo Oktoba yenyewe kuna ua linalofanana nayo, kolikiko, lenye sumu ya kuua. Hesabu nyuzi za chavua: krokasi ina 3, kolikiko ina 6. Hata ukipanda ya kweli, gramu moja kavu inataka maua kama 150. Nunua dukani tu.

Mboji_na_Samadi
Nikujibu la mfululizo wa maua, Mpangaji. Kwa kuwa nyumba si yako, panda kwenye vyungu, siku ya kuhama unaondoka navyo.

Cha kununua sasa hivi ni galanthasi, vile viua vyeupe vinavyoinamisha kichwa Januari na Februari. Nunua zikiwa bado na majani mabichi, zimetoka tu kuchanua. Matunguu yake makavu ya mifuko ya Septemba mara nyingi yameshakufa. Kina sm 8 hadi 10, kivuli chepesi. Pembeni yake weka helebori, ua jingine la majira ya baridi. Desemba kata majani yake ya zamani yote, yanabeba madoa meusi na yanaficha maua.

Mengine subiri mwanzo wa Novemba, upande kwa ghorofa katika chungu cha sm 40. Chini kabisa, sm 20 kutoka juu, tulipu 15. Funika udongo. Sm 12 weka nargisi fupi aina ya 'Tête-à-tête', 12. Funika. Sm 6 krokasi 20. Juu laza wavu wa kuku, kisha sm 2 za udongo, la sivyo kindi watafukua krokasi zote siku moja. Nargisi hawazigusi. Krokasi itafungua mwishoni mwa Februari, nargisi Machi, tulipu Aprili. Tulipu mwaka wa pili hudhoofika, zihesabu kama za msimu mmoja.

Saba_Saba_Kassel
Walio Ujerumani wasinakili ushauri wa mkasi bila kufikiri. Kuanzia 1 Machi hadi 30 Septemba sheria ya hifadhi ya mazingira inakataza kufyeka vichaka na uzio wa miti. Kupunguza kwa kutengeneza umbo kunaruhusiwa. Na hapa Ujerumani, fosithia ikichanua ndiyo saa ya kupogoa mawaridi, wenyeji hawaangalii kalenda.

Duluth_Baridi
Minnesota Machi bado ni theluji, tarehe zote hapo juu sogeza mwezi mzima na zaidi. Usifunue matandazo kwa sababu ya siku tatu za jua.

MpangajiWaReading
Nimehamisha kamelia, mafundo nimeapa kuyaacha. La mwisho: mama yangu mdogo yuko Arusha, amezipenda tulipu kwenye picha. Nikimpelekea matunguu yatachanua?

Mboji_na_Samadi
Yatachanua mara moja, ukimpa baridi ya kughushi. Tulipu inataka wiki 12 hadi 16 kwenye nyuzijoto 5 hivi, bila hapo ua linakwama ndani ya majani. Yaweke sehemu ya mboga ya friji, si ya kugandishia, na yasikae na matofaa wala ndizi: matunda yakiiva yanatoa gesi ya ethilini inayoua tumba likiwa ndani ya tunguu. Ukiyaingiza friji mwisho wa Oktoba yatatoka Februari, na Arusha Februari kuna joto, kwa hiyo chungu kikae kivulini na ua litadumu siku chache. Baada ya hapo ni taka. Kabla ya kuyabeba aulize kibali TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania), maana mimea inayoingia Tanzania inataka kibali na cheti cha afya kutoka inakotoka. Asipotaka usumbufu huo, apande gladiola, haihitaji friji.

MpangajiWaReading
Kwenye friji yakae kwenye mfuko wa nailoni?

Bi_Tumba
Karatasi. Kwenye nailoni yatavuja jasho na kuota ukungu ndani ya wiki mbili. Na andika juu ya mfuko kwa herufi kubwa SI VITUNGUU.